Utoro Unaofuata Mwezi

Dagaa hawavuliwi kwenye mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa ya mvuvi haiwavuti tena, wanatawanyika majini, na mitumbwi inabaki imepandishwa mchangani huku watu wakishona nyavu. Giza likirudi, kazi inarudi. Zamani mvuvi aliwasha karabai. Siku hizi wengi wanatumia taa za sola. Mitumbwi inaondoka jua likizama na kurejea kabla hakujapambazuka, na ikirejea inahitaji mikono mingi: ya kupakua, ya kuosha, ya kuanika, ya kufukuza ndege, ya kuanua haraka wingu likitanda. Mikono hiyo haipatikani yote kwa watu wazima.

Kwa walimu wa Kanda ya Ziwa nilisikia kwamba ziko shule za msingi ambako mahudhurio hupanda na kushuka kwa kufuata mwezi. Nilitaka kuona shule ya namna hiyo inamlinda vipi mtoto, kwa vitendo, siku hadi siku. Nikaenda Ukerewe.

Kutoka bandari ya Mwanza Kaskazini hadi Nansio, bandari ya Ukerewe, ni safari ya meli ya zaidi ya saa tatu. Waliojaa melini ni akina mama wa biashara wanaorudi kutoka Mwaloni Kirumba, soko kubwa la samaki jijini Mwanza. Magunia waliyokwenda nayo yamejaa dagaa sasa yamekunjwa chini ya viti. Wengine walikuwa wameondoka nyumbani tangu juzi. Kando yangu mama mmoja alikuwa akipiga simu kila mtandao ulipopatikana, akimuuliza mtu upande wa pili kama watoto wamekula, kama yule mdogo amelala, kama kuni zipo. Aliyekuwa akiulizwa, nilikuja kuelewa, ni binti yake wa miaka kumi na moja.

Ukerewe ni wilaya ya mkoa wa Mwanza, na kisiwa chake kikuu ndicho kikubwa kuliko visiwa vyote vilivyo ndani ya maziwa ya Afrika. Ukitoka Nansio kwa bodaboda unapita mashamba ya mihogo, michungwa, majaruba ya mpunga, na mawe makubwa yaliyopandana. Hiki ndicho kisiwa cha Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945 kwa Kikerewe, kisha akaitia Kiswahili yeye mwenyewe. Kiini cha riwaya hiyo ni mume na mke wanaohangaika kupata mtoto. Niliikumbuka njiani kwa sababu inafuta dhana moja ambayo wageni hupenda kuja nayo, kwamba mtoto anapoteseka mahali fulani ni kwa kuwa watu wa mahali hapo hawaijui thamani yake. Thamani ya mtoto Ukerewe inajulikana tangu kale. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mzima mwenye nafasi ya kumtazama mtoto kila siku, na mwenye pa kupeleka anachokiona.

Niliteremka mwaloni alfajiri, giza bado likiwa nene. Mitumbwi ilikuwa inaingia mmoja mmoja, taa zikizimwa kadiri inavyokaribia. Wanaume walipakua, wanawake walisubiri na beseni, na katikati yao walipita wavulana. Niliowaona walikuwa wa umri wa miaka kumi, kumi na miwili, labda kumi na mitatu. Walibeba ndoo kutoka majini hadi kwenye mchanga uliofagiliwa, wakamwaga, wakarudi. Wengine walitandaza dagaa kwenye vichanja kwa viganja vyao, kwa wepesi wa mtu aliyeizoea kazi. Malipo yao niliyaona pia: kopo la dagaa, au sarafu chache zilizotolewa bila maneno.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mtoto kufanya kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kazi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Inakataza kumwajiri mtoto usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Saa niliyokuwa nimesimama pale ilikuwa ndani kabisa ya saa hizo. Nilimuuliza mwenye mtumbwi mmoja, mzee mpole aliyenikaribisha kwa heshima, kwa nini anawapa watoto kazi. Alijibu kwamba hamwiti mtoto yeyote, wanakuja wenyewe, na akimfukuza mmoja, jioni nyumbani kwa mtoto huyo hakutakuwa na kitoweo. Alisema kweli. Ila ukweli huo haumwondolei mtu mzima wajibu wake. Kopo la dagaa lingeweza kutolewa kwa bibi wa mtoto yule saa nne asubuhi, mtoto akiwa darasani.

Kulipoanza kupambazuka baadhi ya wavulana waliosha miguu ziwani, wakavaa mashati meupe waliyokuwa wameyaficha kwenye mifuko ya plastiki, wakapanda mlima kuelekea shuleni. Wengine walijilaza juu ya nyavu wakalala hapohapo.

Shule yenyewe iko juu kidogo ya mwalo. Sitaitaja, wala sitaitaja kata yake, na msomaji ataona sababu. Ina madarasa ya matofali yaliyoezekwa kwa bati, mwembe mkubwa, mlingoti wa bendera, na kengele iliyotengenezwa kwa rimu ya gari. Langoni hapana geti, ila kuna mwalimu wa zamu. Aliomba kibali changu cha halmashauri, akakisoma chote, kisha akanipa kitabu cha wageni nisaini na kuandika saa ya kuingia. Akaniambia masharti kwa sauti ya upole: nisipige picha ya mtoto, nisimchukue mtoto pembeni peke yangu, nisimuulize mtoto habari za nyumbani kwake bila mwalimu wa malezi kuwapo, na nisigawe pipi wala hela. Sharti la mwisho lilinigusa. Alinieleza kwamba mtoto aliyezoeshwa kupokea vitu kutoka kwa mgeni mwema hawezi kumtambua mgeni mbaya.

Nimetembelea shule nyingi ambako mgeni mwenye gari na kamera hupewa watoto wamwimbie kabla hajaulizwa jina. Hapa nilisimamishwa na kuulizwa, na niliondoka langoni nikimheshimu mwalimu yule. Ulinzi wa mtoto unaanza pale mtu mzima anapokubali kuhojiwa na mtu mzima mwenzake bila kununa.

Paredi ilikuwa fupi. Viranja walikagua usafi, wimbo wa taifa ukaimbwa, na Mwalimu Mkuu akatangaza kwamba dawa za kichocho na minyoo zitagawiwa wiki ileile, kila mtoto ale kwanza nyumbani asije akazimia. Kichocho ni ugonjwa wa hapa kwa sababu watoto wanachota maji ziwani, wanaoga ziwani, wanacheza ziwani. Nyuma ya mlango wa ofisi nilikiona kijiti kirefu kilichopakwa rangi kwa vipande. Mtoto husimamishwa kando yake, na urefu wake ndio unaoonyesha idadi ya vidonge atakavyopewa. Kabla ya kumlinda mtoto dhidi ya watu, shule hii inamlinda dhidi ya maji yanayomlisha.

Mwalimu niliyemfuata siku ile ni mwalimu wa malezi. Anafundisha pia Hisabati, na ndiye mwalimu wa darasa la tano. Watoto wanampa shikamoo kutoka mbali na kukimbia kumpokea madaftari. Alinikalisha nyuma ya darasa, akafungua daftari la mahudhurio, akaanza kuita majina. Kwa kila asiyeitika aliweka alama kwa wino mwekundu, kisha akauliza darasa zima, “Nani anajua alipo?” Mara nyingi jibu lilitoka papo hapo: yuko mwaloni, anaumwa, amekwenda shamba, ametumwa Nansio. Jibu liliandikwa kwa ufupi kwenye daftari lingine, la kwake binafsi, ambalo hufungiwa kabatini.

Wakati wa mapumziko alinionyesha kurasa za miezi iliyopita. Juu ya safu za tarehe alikuwa amechora vijiduara kwa penseli: cheusi kwa usiku wa giza, cheupe kwa mbalamwezi. Chini ya vijiduara vyeusi, wino mwekundu ulijaa. Chini ya vyeupe, ulipungua. Majina yalikuwa yaleyale, hasa ya wavulana, na yalikuja na kuondoka pamoja.

“Utoro huu naujua,” aliniambia. “Nikiwa na nafasi nateremka mwaloni nawaita kwa majina, wanapanda. Unaoninyima usingizi ni ule usiofuata mwezi.”

Nilimwomba anieleze. Alikaa kimya kidogo, kisha akanisimulia habari ya mtoto mmoja wa zamani, akiondoa kila kitu ambacho kingeweza kumtambulisha, nami nimeondoa zaidi. Alikuwa msichana mtulivu, mwenye akili, asiyefanya kazi mwaloni. Alama zake nyekundu hazikufuata giza wala mbalamwezi. Mwalimu alizitazama muda mrefu bila kuona mpangilio wowote, mpaka siku moja alipopishana njiani na mama wa mtoto huyo amebeba gunia kuelekea kwenye meli. Alirudi shuleni, akafungua daftari. Kila mara mama alipokwenda Mwanza kuuza dagaa, binti hakuja shule siku iliyofuata. Nyumbani alibaki na wadogo zake na ndugu mmoja wa kiume aliyekuwa akiishi nao.

Mwalimu hakumwita ofisini. Alimpa kazi ya kumsaidia kupanga vitabu, siku moja, siku nyingine, na siku ya tatu mtoto akasema. Mwalimu hakuuliza maswali ya ziada, hakulia mbele yake, hakumwahidi kwamba ataificha siri. Alimwambia mambo matatu: nimekuamini, huna kosa, na nitamwambia mtu mwenye uwezo wa kukusaidia. Usiku ule mtoto alilala kwa mama yake mdogo.

Nimeyaandika maneno hayo matatu kwa sababu ndiyo elimu yote ya ulinzi wa mtoto aliyoweza kuitumia mwalimu yule wakati ule, na yalitosha kuanzia. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika Tanzania mwaka 2009, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi na mvulana mmoja katika kila saba walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Miongoni mwao, kama nusu tu ya wasichana na theluthi ya wavulana ndio waliowahi kumwambia mtu yeyote. Waliosalia walibaki na siri zao madarasani, mbele ya walimu waliokuwa wakiandika ubaoni. Daftari la mwalimu huyu lilifanya kazi ambayo mdomo wa mtoto haukuweza kuianza.

Katika shule hii liko Dawati la Ulinzi na Usalama wa Mtoto, kama serikali ilivyoagiza shule ziwe nalo. Si meza hasa, ni watu: yeye, mwalimu mwenzake wa kiume, na wanafunzi waliochaguliwa na wenzao. Kuna sanduku la maoni la mbao lenye kufuli, limewekwa kwenye ukuta wa nyuma wa maktaba, mahali ambapo mtoto anaweza kupita bila kuonekana na darasa zima. Hapo mwanzo lilikuwa mlangoni pa ofisi ya Mwalimu Mkuu na halikupata karatasi hata moja. Wanafunzi wa dawati ndio walioomba lihamishwe. Tangu hapo karatasi zinaingia, nyingi za mambo madogo: fulani ananinyang’anya uji, kiranja ananipiga, choo cha wasichana hakina komeo. Komeo liliwekwa. Mwalimu aliniambia komeo lile lilileta karatasi nyingine zenye uzito zaidi, kwa kuwa watoto waliona kwamba kinachoandikwa kinasomwa na kufanyiwa kazi.

Ukutani imeandikwa kwa rangi ya bluu namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Niliwauliza wanafunzi wa dawati, mwalimu wao akiwapo, nani amewahi kuipiga. Hakuna. Simu ni za wazazi, na mara nyingi mtu unayetaka kumsema ndiye mwenye simu. Namba ile ni msaada mkubwa kwa jirani, kwa shangazi, kwa muuza duka aliyesikia kilio usiku. Kwa mtoto wa miaka tisa kisiwani, msaada wa kwanza ni sura anayoikuta shuleni kila asubuhi.

Hapa lazima niseme juu ya fimbo.

Tanzania Bara bado inaruhusu viboko shuleni. Kanuni za mwaka 2002 zinaweka mipaka: visizidi vinne, vitolewe na Mwalimu Mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mipaka hiyo imevukwa mara ngapi, kila aliyesoma nchini anajua kwa mwili wake. Katika utafiti uleule wa 2009, zaidi ya nusu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kimwili na mwalimu. Mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano huko Bukoba, upande wa pili wa ziwa hilihili, alifariki baada ya kupigwa na mwalimu wake, na mwaka uliofuata mwalimu huyo alihukumiwa kunyongwa kwa kosa la mauaji. Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001, na shule zake hazikufungwa.

Ofisini niliona fimbo mbili juu ya kabati na kitabu cha adhabu kando yake. Mwalimu wa malezi hashiki fimbo. Hakuna aliyemwagiza hivyo, aliamua mwenyewe alipopewa kazi ya malezi. Wenzake walidhani darasa litamshinda. Nilikaa katika darasa lake, halikumshinda. Sababu aliyonipa ni ya mtu anayejua kazi yake: mtoto aliyefanyiwa jambo baya tayari anaamini kuwa yeye ndiye mkosaji, na kwa mtu mwenye fimbo mkosaji haendi, anakimbia.

Naafikiana naye kabisa. Tunawataka watoto watoe taarifa, kisha tunampa mpokea taarifa fimbo mkononi. Tunamwambia mtoto mwili wake ni wake na asikubali mtu kuugusa kwa maumivu, kisha tunamwinamisha mbele ya wenzake kwa kukosea hesabu. Mafundisho hayo mawili hayakai pamoja katika kichwa cha mtoto. Atalishika lile lililomuuma.

Saa nne ililetwa sufuria ya uji wa mahindi. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto wameongezeka madarasani, lakini chakula ni makubaliano ya wazazi, na si wazazi wote wanaoweza kuchangia. Kamati ya shule iliamua kwamba wakati wa uji hakuna atakayeulizwa kama mzazi wake amechanga. Deni ni la mtu mzima, litadaiwa kwa mtu mzima. Niliwaona wavulana wawili niliokutana nao mwaloni alfajiri wakinywa vikombe viwili viwili. Mpishi aliwaongezea bila kuombwa. Tangu uji uwepo kila siku, Mwalimu Mkuu alisema, baadhi ya waliokuwa wakilala juu ya nyavu wanapanda mlima hata usiku wao ukiwa umekwisha kwenye ndoo. Sijui mpango wa ulinzi wa mtoto ulio rahisi kuliko sufuria hii.

Kwenye mstari wa mbele wa darasa la tatu aliketi mtoto mwenye ualbino, kofia pana imetundikwa pembeni ya dawati. Ukerewe ina watu wenye ualbino wengi kiasi, na Kanda ya Ziwa ndiyo iliyoumia zaidi katika miaka ya mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Baadhi ya watoto wa kanda hii walipelekwa kulelewa kwenye vituo na shule za bweni ili wawe salama, na wengi wakakua mbali na wazazi wao. Huyu analala kwao. Asubuhi analetwa na kaka yake wa darasa la saba, jioni wanarudi pamoja, na kaka asipokuwepo anafuatana na jirani anayejulikana na shule. Anakaa mbele ili aone ubao. Mchezo wa jua kali wanauhamishia chini ya mwembe, na darasa lote linacheza kivulini kwa ajili yake bila kuona kama ni fadhila. Kwa mtoto huyu usalama ni jina la mtu wa kutembea naye, na shule inalijua jina hilo.

Watoto wengine wanalelewa na bibi zao. Kuna baba aliyehama kambi kufuata samaki, kuna mama anayeuza dagaa Mwanza, na wapo waliofiwa na wazazi tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara na zaidi ya watu 220 wakafa. Alasiri nilifuatana na mwalimu wa malezi kumtembelea bibi mmoja. Alitutandikia mkeka chini ya mchungwa, akatuletea machungwa, akaomba radhi kwa kutokuwa na chai. Ana wajukuu watano. Alisema kwa sauti ya chini kwamba macho yake hayaoni mbali tena, wajukuu wakiteremka ziwani na ndoo yeye huhesabu sauti zao wanaporudi.

“Bibi, ikipungua moja?” mwalimu alimuuliza.

“Namtuma mkubwa akuite wewe, mwanangu. Nimwite nani mwingine?”

Swali lile lilinirudisha kwa msichana wa daftari, maana mwalimu alikuwa hajanimalizia habari yake. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke serikali ya mtaa wake. Mwalimu alizipeleka. Mtendaji wa kijiji aliandika barua. Taarifa ikafika kwa afisa ustawi wa jamii na kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mama alipanda bodaboda na binti yake, wakapata fomu ya polisi ya PF3, wakaenda hospitali. Yote yalifanyika ndani ya saa chache, nauli akatoa mwalimu. Mtuhumiwa alikamatwa.

Kisha ukaanza muda mrefu. Wazee wa pande mbili walikaa. Mama aliambiwa kwamba ndugu akifungwa watoto wa ndugu watakula nini. Aliambiwa binti ataitwa majina. Aliambiwa litazungumzwa, kutakuwa na kitu cha kumpoza. Kila kesi ilipoahirishwa, nauli ya kwenda mahakamani ilikuwa sawa na siku kadhaa za biashara yake. Sheria za nchi hii zina adhabu kali, zikiwamo za kifungo cha miaka 30 au zaidi kwa baadhi ya makosa ya kingono dhidi ya mtoto, lakini adhabu kali inahitaji shahidi anayefika siku ya kesi. Mwalimu alimsindikiza mama mara kwa mara, kwa ruhusa na bila ruhusa. Msichana alihamia kwa mama yake mdogo moja kwa moja. Alimaliza darasa la saba. Kuhusu hukumu, mwalimu aliniomba nisiandike, maana kijiji ni kidogo, nami nimetii.

Mtendaji wa kijiji, kijana aliyechoka lakini mwenye nia, alinipokea ofisini mwake jioni. Alisema mashauri mengi humfikia baada ya kumalizwa nyumbani, na akifika yeye anakuta mtoto amefundishwa kukana. Nilimuuliza anataka nini zaidi ya yote. Nilitarajia aseme pikipiki. Alisema anataka mwalimu wa pili kama yule. Afisa ustawi wa jamii ana visiwa na vijiji vingi vya kuhudumia, polisi wako mbali, na yeye mtendaji ana vikao. Anayemwona mtoto siku tano kwa wiki ni mwalimu peke yake.

Maneno ya mtendaji huyo ndiyo ninayotaka wenye mamlaka wayasikie. Tunayo sheria ya mwaka 2009, tunao mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ambao awamu yake ya kwanza ilianza mwaka 2017, tunayo madawati polisi na shuleni, tunayo namba ya simu ya bure. Vyote hivyo ni vyema, na vimejengwa na watu waliojali. Lakini katika shule niliyoiona vyote vilikuwa vinamsubiri mtu mmoja anayefundisha Hisabati darasa lililofurika, asiye na fungu la nauli, asiye na saa hata moja ya malezi kwenye ratiba yake, na ambaye akihamishwa kesho ataondoka na kila kitu anachokijua juu ya watoto wale.

Mambo yanayowezekana mwaka huu, bila kusubiri mfadhili, ni machache na yako wazi. Mwalimu wa malezi apunguziwe vipindi, na kazi yake ihesabiwe kuwa kazi. Halmashauri itenge nauli ya mtoto na mlezi wake kwenda polisi, hospitali na mahakamani, ili haki isiuzwe kwa bei ya bodaboda. Viongozi wa mialo wakubaliane kwa maandishi kwamba mtoto wa shule hagusi ndoo kabla ya saa za shule kwisha, na mwenye mtumbwi akikiuka, atozwe faini na wenzake. Fimbo zitoke ofisini. Na kila mwalimu wa darasa, visiwani na bara, afundishwe kulisoma daftari la mahudhurio kwa makini, aulize sababu ya kila alama nyekundu, na aandike jibu mahali ambapo mwalimu atakayekuja baada yake ataliona.

Mtoto anayeteseka mara nyingi hasemi kwa maneno, lakini hakosi kuacha alama mahali fulani. Anakosa siku fulani, anasinzia kipindi fulani, anakataa kwenda nyumbani na mtu fulani. Alama hizo ziko tayari kwenye madaftari ya shule zetu zote, zimeandikwa na walimu wenyewe kwa mkono wao. Kazi iliyobaki ni kuzisoma, na kumpa anayezisoma nguvu ya kuchukua hatua.